Kwa Nini Ratiba Hufa na Kengele Hudumu

Kila mwanzo wa muhula, katika mabweni na katika nyumba nyingi, huonekana kazi ya mikono iliyo nzuri sana. Ni ratiba ya kujisomea. Mwanafunzi huchukua karatasi, rula na kalamu za rangi tatu. Huligawa juma zima katika visanduku. Hisabati hupewa alfajiri, Kemia hupewa Jumamosi, na hata muda wa kupumzika huandikwa kwa dakika. Kisha karatasi hiyo hubandikwa ukutani juu ya kitanda. Juma la kwanza hufuatwa. Juma la pili hufuatwa nusu. Lifikapo juma la tatu karatasi ingali ukutani, ila haina kazi nyingine isipokuwa kuziba ufa.

Sababu zitolewazo ni zile zile. Mwalimu husema ni uvivu. Mzazi husema ni michezo na marafiki. Mwanafunzi mwenyewe hujilaumu kuliko wote, hula kiapo, na kuchora ratiba ya pili iliyo kali kuliko ya kwanza. Baada ya kuvunja ratiba tano au sita, wengi hufika Kidato cha Nne wakiwa wamejihukumu kuwa walizaliwa bila nguvu ya nia, na mtu aliyekwisha kujihukumu hivyo hajaribu tena. Hapo ndipo hasara kubwa ilipo, kwa maana hukumu hiyo haina msingi. Uchunguzi uliofanywa juu ya ubongo na tabia unaonyesha kwamba mtu afanyaye kazi yake kila siku kwa utulivu, aghalabu hashindani na nafsi yake kila siku akaishinda. Yeye ameondokana na shindano hilo. Kazi yake imekuwa mazoea, na mazoea yana makao yake katika ubongo, mbali na makao ya nadhiri na maazimio.

Mkono uliojua jambo ambalo mwenyewe hakulijua

Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari mpasuaji William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27 aliyekuwa akiteswa na kifafa kikali. Jina lake, Henry Molaison, lilifichwa na wanasayansi mpaka alipofariki mwaka 2008. Kabla ya hapo vitabu vyote vilimwita H.M. Daktari aliondoa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo kijana huyo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Alizungumza vizuri, akili yake ilikuwa timamu, na mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka; ila mtu aliyezungumza naye akatoka chumbani, akirudi baada ya dakika chache alikuwa mgeni kabisa kwake.

Brenda Milner, mtaalamu wa saikolojia kutoka Montreal, Kanada, alimpa kazi ya ajabu kidogo. Alimwekea mezani picha ya nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, na kumtaka apitishe penseli katikati ya mistari hiyo, lakini asiutazame mkono wake ila katika kioo. Msomaji akijaribu jambo hili nyumbani ataona jinsi penseli inavyokataa amri: ukitaka iende mbele, nayo yarudi nyuma. Kijana yule aliichora nyota mara kumi kwa siku, kwa muda wa siku tatu. Makosa yake yalipungua siku hadi siku kama yapunguavyo makosa ya mtu mwenye afya, na siku ya tatu mkono wake ulikwenda karibu bila kukosea. Hata hivyo hakukumbuka kamwe kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenye mkono hakuwa na habari.

Kwa kweli ustadi wa mkono na mazoea si kitu kimoja. Lakini jaribio hilo lilifungua mlango ambao wengine waliupitia. Ilidhihirika kwamba ubongo una njia zaidi ya moja ya kujifunza: iko njia ya kukumbuka mambo na matukio, ambayo hujifunza upesi, pengine kwa mara moja tu, na iko njia nyingine ya polepole, isiyosema, ambayo hujifunza kwa kurudia-rudia.

Mwaka 1996 Barbara Knowlton na wenzake walizitenganisha njia hizo mbili kwa mchezo wa kubashiri hali ya hewa. Mtu alionyeshwa karata zenye maumbo mbalimbali, akaambiwa aseme kama itanyesha mvua au litawaka jua. Kanuni ilikuwa imefichwa na haikuwa ya uhakika, hivyo hakuna aliyeweza kuikariri. Ilibidi aizoee tu. Wagonjwa waliopoteza kumbukumbu waliuzoea mchezo polepole, kama watu wazima wa afya, ingawa hawakuweza kueleza vizuri yaliyotukia katika jaribio. Wagonjwa wa Parkinson walikuwa kinyume chake: walilikumbuka jaribio vizuri, lakini kuuzoea mchezo hawakuweza. Ugonjwa wa Parkinson hudhuru mafundo ya neva yaliyo ndani kabisa ya ubongo, kwa kuua seli zinazoyaletea kemikali iitwayo dopamini. Ndiyo kusema mafundo hayo ni sehemu mojawapo muhimu ya karakana ambamo mazoea hutengenezwa.

Tofauti hii ya njia mbili ndiyo kiini cha jambo zima, na mwalimu atafanya vema kuikazia. Azimio la mwanzo wa muhula huingia kwa njia ya kwanza. Ni habari: "Nitasoma Fizikia kila usiku." Mwanafunzi anaifahamu, anaiamini, na anaweza kuieleza mbele ya darasa. Lakini karakana ya mazoea haisikii maneno. Yenyewe hutambua jambo moja tu, yaani kitendo fulani kilichofuata ishara fulani, mahali fulani, mara nyingi.

Panya wasioitaka sukari

Namna mazoea yanavyoshika ilionyeshwa vizuri na majaribio yaliyofanywa huko Cambridge, Uingereza, mnamo miaka ya 1980. Panya walifundishwa kubonyeza wenzo ili wapate tembe ya sukari. Wengine waliubonyeza mara 100 tu, wengine mara 500. Kisha sukari hiyo ilifanywa kuwa chukizo kwao: walipokwisha kuila, walitiwa dawa iliyowachefua, mpaka wakaikataa kabisa. Baadaye waliwekwa tena mbele ya wenzo. Panya wa mara 100 waliuacha, jambo ambalo ni la akili: sukari haitakiwi, ya nini kuhangaika? Panya wa mara 500 waliendelea kubonyeza. Sukari hawakuitaka, lakini mguu ulikwenda. Kitendo kilikuwa kimeacha kuongozwa na lengo lake, kikawa kinaongozwa na kuonekana kwa wenzo.

Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, Ann Graybiel na wenzake walisikiliza seli za mafundo yale ya ndani ya ubongo wa panya wakati panya hao wakijifunza kupita katika njia yenye umbo la herufi T. Matokeo yao ya kwanza yalitolewa mwaka 1999. Mwanzoni seli hizo zilitoa ishara za umeme njiani kote, huku panya akisitasita. Baada ya kurudia safari kwa siku nyingi, umeme huo ulikusanyika mahali pawili: mwanzo wa safari na mwisho wake, kama mabano mawili yaliyofunga sentensi. Safari nzima ilikuwa imefungwa furushi moja, na furushi hilo lilifunguliwa na ishara ya kuanza.

Mwaka 2005 maabara hiyo hiyo iliongeza habari nyingine. Malipo yalipoondolewa mwishoni mwa njia, mpangilio ule wa mabano ulififia. Waliporudisha malipo, ulirudi karibu kama ulivyokuwa. Haukuwa umefutika, ulikuwa umelala. Waswahili waliosema mazoea yana taabu hawakuwa na mashine ya kupimia umeme wa ubongo, lakini hawakukosea.

Binadamu naye hayuko mbali na panya kama apendavyo kujidhania. Mwaka 2011 David Neal, Wendy Wood na wenzao waliwagawia watazamaji wa sinema ndoo za bisi. Baadhi ya bisi zilikuwa mpya. Nyingine zilikaangwa siku 7 kabla, zikawa zimelegea na kuchacha. Watu wasio na mazoea ya kula bisi sinemani walizionja zile za zamani wakaziacha. Wenye mazoea walikula za zamani karibu sawa na mpya, ingawa walipoulizwa walikiri kwamba hazikuwa na ladha. Kisha jaribio likarudiwa katika chumba cha mikutano, watu wakionyeshwa picha za muziki. Hapo hata wenye mazoea waliziacha bisi zilizochacha. Na sinemani kwenyewe, walipotakiwa kula kwa mkono wasiouzoea, ladha mbaya iligunduliwa mara moja.

Jaribio hili lachekesha, lakini lafaa kutafakariwa kwa makini. Kilichowalisha watu wale bisi mbovu hakikuwa njaa wala uroho. Kilikuwa kiti cha sinema, giza, na mkono uliozoea kushuka ndooni. Mahali palibeba tabia.

Kengele ni ya nani?

Sasa yawezekana kurudi bwenini. Katika shule ya bweni kipindi cha kujisomea usiku, ambacho wanafunzi hukiita prepo, huanza kwa kengele. Kengele ikilia, watu mia tatu hutoka, huingia madarasani, hukaa na kufungua madaftari. Haihitajiki ratiba ya rangi tatu. Hakuna anayejiuliza kama leo ana moyo wa kusoma. Mwanafunzi akiishi hivyo kwa miaka minne huamini, na walimu wake huamini pia, kwamba amekwisha kuwa mtu wa bidii.

Likizo hufichua ukweli. Kijana yule yule hufika nyumbani na sanduku la vitabu, na mwezi mzima vitabu havitoki sandukuni. Baba hushangaa, kijana mwenyewe hushangaa zaidi. Hali kama hiyo huwakuta wengi wanapoingia chuo kikuu, mahali ambapo hakuna kengele wala mwalimu wa zamu, na mwaka wa kwanza huwashinda watu waliokuwa wa mbele shuleni. Hawakupoteza akili wala nidhamu. Mazoea yao ya kusoma yalikuwa yameshikamana na kengele, na kengele ilikuwa mali ya shule.

Mwaka 2005 Wendy Wood na wenzake wawili walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi waliohama chuo kikuu kimoja kwenda kingine nchini Marekani. Walifuatilia mambo kama mazoezi ya viungo, kusoma magazeti na kutazama televisheni. Pale ambapo mazingira mapya yalifanana na ya zamani, mazoea yalihama pamoja na mtu. Pale ambapo mazingira yalibadilika, mazoea yalivunjika, na matendo yakarudi kuongozwa na nia ya mtu. Uchunguzi huo una pande mbili. Kuhama huvunja mazoea mema. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kuhama ni wakati mzuri kupita wote wa kuacha yaliyo mabaya na kupanda mapya, kabla mahali papya hapajajizoeza tabia ya ovyo. Siku tatu za kwanza za likizo, au za chuo, zina thamani ambayo wengi huitupa kwa kusema, "Acha kwanza nipumzike."

Hapa shule zenyewe zastahili lawama kidogo. Zinasifika kwa kuwalea wanafunzi katika utaratibu, na utaratibu huo ni wa kweli. Lakini ni nadra mwanafunzi kufundishwa jinsi ya kujitengenezea kengele yake mwenyewe. Mtu hutolewa shuleni kama saa iliyotiwa ufunguo na mwingine.

Siku ishirini na moja, au sitini na sita?

Swali ambalo kila mwanafunzi huuliza ni hili: huchukua siku ngapi? Jibu linalozunguka sana ni siku 21. Jibu hilo lina asili ya ajabu. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu kwa upasuaji, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kwa kawaida siku 21 hivi au zaidi kuizoea sura mpya katika kioo. Hakuwa akisema habari za kusoma, wala za kuamka mapema. Tena alisema "angalau". Neno hilo dogo lilidondoka njiani, na namba ikaenea duniani peke yake.

Kipimo cha kweli kilifanywa na Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku baada ya ishara maalumu: kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, kwa mfano, au kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Kwa siku 84 waliandika kama walilifanya, na kama lilikuja lenyewe au kwa kujisukuma. Mstari wa mazoea ulipochorwa ulipanda haraka siku za mwanzo, kisha ukapanda taratibu, mwisho ukalala kama uwanda. Kwa wale ambao mstari wao ulionekana wazi, nao walikuwa 39 tu, mtu wa katikati alihitaji siku 66 kufika karibu na uwanda huo. Lakini wa kwanza alihitaji siku 18, na wa mwisho, kwa kukadiria mbele ya muda wa uchunguzi, siku 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yalishika mapema kuliko mazoezi ya viungo.

Kwa hiyo mwanafunzi aonaye mwenzake amezoea katika juma la tatu, naye bado anajisukuma katika juma la nane, hana ugonjwa wowote. Na liko jambo moja katika uchunguzi huo ambalo lingeweza kuokoa ratiba nyingi: kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana ujenzi wa mazoea. Mstari uliendelea karibu pale pale ulipoachwa. Anayeua ratiba, basi, ni yule mtu ambaye baada ya kukosa Jumanne husema kwamba juma limeharibika, na kuahirisha mpaka Jumatatu ijayo.

Sentensi yenye wakati na mahali

Mtaalamu wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ameshughulika kwa miaka mingi na swali la jinsi nia inavyogeuka kuwa tendo. Katika jaribio moja alilolichapisha pamoja na Veronika Brandstätter mwaka 1997, wanafunzi walitakiwa kuandika taarifa fupi ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na kuileta katika muda wa siku mbili. Wote walikubali. Nusu yao waliombwa kuongeza jambo moja: waandike ni saa ngapi hasa na mahali gani hasa wataifanya kazi hiyo. Katika waliotaja saa na mahali, zaidi ya theluthi mbili waliikamilisha. Katika wale waliobaki na nia njema tupu, ni karibu theluthi moja.

Siri ya sentensi hiyo ni kwamba inaukabidhi mwanzo wa kazi kwa kitu kilicho nje ya mtu. "Nitasoma Hisabati zaidi" haina pa kushikia. "Nikimaliza kuosha vyombo vya chakula cha jioni, nitakaa kwenye kiti cha jikoni na kufanya hesabu mbili" ina pa kushikia pawili: vyombo vilivyooshwa na kiti. Na yafaa kuzingatia kwamba ishara nzuri si lazima iwe saa ya ukutani. Katika miji na vijiji vyetu kuna ishara zilizo imara kuliko saa yoyote, nazo hazihitaji betri: adhana ya alfajiri, kufungwa kwa duka la jirani, kurudi kutoka kisimani, ng'ombe kuingia zizini. Jambo linalotukia kila siku, hata mtu akiwa amechoka au amekasirika, linafaa kubebeshwa jambo jingine.

Hesabu mbili, si ishirini. Hapa wanafunzi wenye ari hubisha: hesabu mbili zitamfaa nani katika mtihani? Ubishi huo unachanganya mambo mawili. Kinachotakiwa kuwa mazoea ni kuanza: kukaa, kufungua daftari, kushika kalamu. Kufikiri kwenyewe hakugeuki kuwa mazoea wala haifai kugeuke. Tatizo la jiometria halitatuliwi kwa mguu wa panya. William James, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha mwaka 1890, aliona kwamba kadiri mambo madogo ya kila siku yanavyoachiwa mazoea, ndivyo akili inavyobaki huru kwa kazi iliyo yake. Mtu asiye na mazoea humaliza sehemu ya nguvu zake katika kuamua kama aanze. Aliye nayo huanza, na nguvu hiyo huifikisha kwenye tatizo. Siku nyingi hesabu mbili zitazaa sita. Siku ya malaria au ya msiba, mbili zitatosha kuilinda ishara isife.

Ebbinghaus na mara thelathini na nane

Faida ya kidogo cha kila siku ilipimwa zamani kuliko mambo mengi yaliyotajwa hapa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanya mwenyewe mwanafunzi na mtahini. Alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akazipanga mafungu mafungu, akazikariri na kupima alivyosahau. Alipanga majaribio kwa saa maalumu na kujitahidi maisha yake yasibadilike katika muda huo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885.

Aliona kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni: baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja ilibaki theluthi tu. Lakini jambo lenye uzito zaidi kwa mwenye mtihani ni hili. Fungu la silabi 12 lililorudiwa mara 68 mfululizo katika siku moja, lilijifunzwa upya kesho yake kwa urahisi ule ule wa fungu lililorudiwa mara 38 zilizogawanywa katika siku tatu. Karibu nusu ya jasho la yule aliyekesha lilimwagika bure. Tangu hapo majaribio ya aina hiyo yamerudiwa mara nyingi kwa masomo yenye maana, na faida ya kugawa imeendelea kuonekana. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani si mvivu. Pengine ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote. Amelipa bei ya juu kwa bidhaa isiyodumu.

Yako pia mambo ya kuondoa, na kwa kijana wa leo la kwanza ni simu. Simu ni wenzo wa panya uliowekwa mfukoni. Kujiapiza kutoitazama ni kuirudisha vita ya nia pale pale ambapo nia hushindwa. Panya wa mara 500 angeacha kubonyeza siku ambayo wenzo ungekosekana chumbani. Kwa hiyo simu ikae chumba kingine, au kwa mama, katika nusu saa ya kusoma. Kwa kuwa mazoea ya zamani hulala pasipo kufutika, mwanafunzi asishangae vidole vikiitafuta mfukoni kwa majuma kadhaa ya mwanzo.

Yawezekana kusemwa kwamba mashauri haya ni ya mtu mwenye meza, taa na chumba. Ni kweli kwamba binti wa kutwa anayerudi nyumbani saa kumi na moja jioni, akachote maji, apike, na kuwalaza wadogo zake, hana visanduku vya rangi tatu vya kujaza, na hakuna elimu ya saikolojia itakayompa saa zisizokuwapo. Hilo ni suala la familia na la shule, na halifai kufichwa nyuma ya neno "mazoea". Hata hivyo, siku yake ina mfuatano ulio imara kuliko wa wanafunzi wengi wa bweni: ndoo, moto, sufuria, vyombo. Ugali unapotokota maji yake, kuna dakika kumi ambazo hurudi kila jioni mahali pale pale. Daftari likining'inizwa kwa kamba kwenye msumari karibu na mafiga, liwe ndicho kitu cha kwanza kushikwa sufuria ikishawekwa motoni, lina nafasi ya kushika mizizi kuliko karatasi ya ukutani. Kwa siku 84, dakika hizo kumi ni saa 14, zilizogawanywa kama Ebbinghaus alivyotaka zigawanywe. Mwalimu anayetaka kumsaidia anaweza kuanza kwa kumuuliza swali ambalo ratiba haiulizi: jioni, ukishafika nyumbani, jambo gani hutukia kila siku bila kukosa, nawe ukiwa umesimama wapi?